Kaza na Spoku

"Na plagi je? Itoe uitazame," alisema Bilali, akichungulia injini kana kwamba kuna nyoka humo ndani.

Fundi Mudrik alifuta mikono kwenye suruali. Tangu asubuhi alishamwaga oili akatia mpya, akasafisha filta ya hewa, akaipaka cheni grisi na kuikaza. Pikipiki ilikuwa nzima. Mwenye hitilafu alikuwa mwenye pikipiki: kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, na miguu isiyotulia. Alikaa kwenye benchi, akainuka, akaenda mpaka barabarani, akarudi.

"Bwana harusi, ondoka," Mudrik alimsihi. "Kutoka hapa Nachingwea mpaka Mbekenyera si karibu. Na ndoa ni baada ya Adhuhuri, umeniambia mwenyewe."

"Bila mimi haifungwi. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Mudrik alijibu, akaitoa plagi. Ilikuwa kavu na safi. Akaipuliza tu, akairudisha.

Moyoni alimhurumia bibi harusi. Yeye Mudrik siku yake alisindikizwa na ukoo mzima, ngoma mbele. Huyu kaja peke yake, hata mpambe hana. Lakini vijana wa siku hizi wana mambo yao.

Simu ya Bilali ikaita. Sauti ya mzee ilifoka mpaka nje.

"Wageni kutoka Malolo wamekaa tu mkekani! Kama huji, basi yatamke hayo maneno hapo hapo kwenye simu!"

"Baba Mdogo, sikusikii! Mtandao!" Bilali akaikata.

Mudrik, aliyesimama hatua chache kutoka pale, alikuwa amesikia kila neno. Hasira zikampanda.

"Wewe kaka, unaogopa nini? Binti mwenyewe hakupendi?"

"Zuhra? Ananipenda sana. Leo hana wa kumtegemea ila mimi."

"Halafu unamfanyia hivi?"

Bilali alijifuta uso. Jasho lilikuwa linamtiririka. Aliinama kwenye gurudumu la nyuma, akalizungusha.

"Kaza na spoku."

Mudrik akakaza spoku huku akiguna. Adhuhuri ikaadhiniwa, wakaenda kusali. Waliporudi, Bilali akataka kebo ya klachi ilainishwe. Kisha breki zifunguliwe. Kisha matairi yapimwe upepo, na yalipokwisha kupimwa yapimwe tena. Simu iliita, ikaachwa iite. Alasiri nayo ikaadhiniwa.

Hapo uvumilivu ulimwisha Mudrik. Akapiga kiki kwa nguvu zake zote. Pikipiki ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri kabisa.

"Hii hapa! Panda uende ukaombe radhi! Mtoto wa watu amekukosea nini?"

Simu ikaita tena. Safari hii Bilali alitazama jina, akaipokea upesi na kuziba sikio la pili kwa kidole.

"Zuhra? Wageni wameondoka kweli? Na yule mzee wao na korosho zake, naye kapanda gari?"

Alishusha pumzi ndefu, akakaa kwenye benchi. Miguu yake ikatulia.

"Basi nyamaza, usilie, mdogo wangu. Wakikuuliza, waambie walii wako wa kukuozesha bado yuko kwa fundi."