Kilele Kwenye Sampuli Tupu

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti la baridi, Ghizlan aliwasha mashine na kuipa sampuli tupu: tone la mkojo wa mtu mwenye afya, asiyetumia dawa yoyote. Mashine ilikitenga kila kilichokuwemo, ikakipima uzito, ikachora mstari kwenye kioo. Mstari ukilala tambarare, kazi ianze. Wakati mstari ukijichora, yeye alijimiminia chai.

Leo birika lilikuwa bado mkononi pale mstari ulipoinuka.

Aliliweka chini taratibu. Kilele kilikuwa chembamba, kimesimama kama sindano, mahali pale pale alipokizoea tangu kesi ya Haji Buazza. Takauti. Unga mweusi wa madukani, ambao wanawake wa Fes huutia kwenye hina ili ikolee. Ukinyweka, koo huvimba mpaka pumzi ikakatika.

Jalada la kesi lilikuwa wazi mezani. Haji Buazza alitabasamu pichani, mzee wa miaka sabini mwenye ndevu za bwana harusi. Alikuwa aoe mke wa pili. Akaanguka akafa sebuleni kwake harusi ikiwa mlangoni, na mkojo wake ukapitishwa kwenye mashine hii hii. Mke wake wa kwanza, Itto, alikuwa rumande. Mchana huu Daktari Skali, mkuu wa maabara, angesimama mahakamani na kusema kwamba sumu ilionekana, na mlango wa gereza ungemfungia Itto maisha.

"Mbona ni kidogo sana, Daktari?" Ghizlan alijaribu kumwambia siku ya majibu.

"Sumu haina kidogo, binti."

Naye Ghizlan akainamisha kichwa, kama ilivyo kawaida yake. Tangu hapo usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Alipitisha maji matupu. Mstari ukalala tambarare. Basi mashine ilikuwa safi. Akarudia ule mkojo. Kilele kikasimama tena.

"Lalla Turia, hebu nionyeshe mikono yako."

Turia, fundi mkongwe wa maabara, aliinyoosha mikono huku akicheka. "Unatafuta hina? Kwangu mimi? Nani kanioa bila kuniarifu?"

Viganja vyake vilikuwa vitupu. Vya Ghizlan pia.

"Mkojo huu wa leo ni wa nani?"

"Wa mkuu, kautoa jana. Si unajua anavyojisifu? Havuti, hamezi hata kidonge. Eti mkojo wake unafaa kupikia chai." Turia alicheka tena, halafu kicheko kikamfia mdomoni. Alikitazama kioo cha mashine. "Mwanangu, mbona kilele hicho nakijua?"

Ghizlan aliligeukia jalada la kesi.

"Mkewe hasemi naye tangu Idi," Turia alinong'ona. "Na chai yake hutoka nyumbani, kila siku, kwenye chupa."

Ghizlan alipanda ngazi mbili mbili. Alimkuta Daktari Skali amesimama mbele ya kioo ofisini kwake, ndani ya suti mpya, akijiweka sawa kwa ajili ya kamera zilizokuwa zikimsubiri mahakamani. Alipendeza, kama aliyepunguziwa miaka. Kikombe kilikuwa kikielekea mdomoni.

"Usinywe!"

Hakuijua ile sauti kuwa ni yake. Daktari naye hakuijua. "Una nini wewe? Sema. Mbona unatafuna maneno?"

"Njoo uone, Daktari. Tafadhali."

Alishuka akinung'unika. Mbele ya mashine manung'uniko yakakoma. Aliutazama mstari, akaitazama chupa ya mkojo aliyoijaza jana, akautazama mstari tena. Mkono ukampanda wenyewe mpaka kooni.

"Umeiosha mashine?"

"Maji yamepita safi, Daktari."

"Nilijua," alisema kwa sauti iliyokauka. "Chai ina uchungu wiki nzima."

"Ni pakanga hiyo, lile jani chungu," Turia akasema. "Majira ya baridi nani hatii pakanga kwenye chai?"

Daktari hakumsikia. Alikuwa amekwisha kuinua simu ya mezani. Akakosea namba, akaanza upya.

"Kamishna? Skali hapa. Peleka askari nyumbani kwangu, sasa hivi. Mke wangu. Ndiyo, ndiyo, ile ile ya Buazza, haina tofauti hata kidogo! Wanawake hawa na unga wao!" Alikohoa, akalishika tena koo. "Mfunge kwanza, maswali baadaye. Na mchana huu nitaieleza mahakama hadithi zote mbili."

Turia alijifunika mdomo kwa kiganja. Ghizlan alisimama kando, kichwa chini kama siku zote, akiwaza mlango wa gereza na wanawake wawili nyuma yake. Jasho lilikuwa likimtiririka Daktari. Tone moja lilitoka chini ya nywele, likazunguka nyuma ya sikio, likaingia kwenye ukosi mweupe wa shati jipya.

Ghizlan alilifuata kwa macho mpaka lilipotua. Lilikuwa jeusi.

Aliigeukia picha ya Haji Buazza, yule mzee wa miaka sabini mwenye ndevu nyeusi ti. Kisha akanyoosha mkono wake mtupu, akaibonyeza simu, na sauti ya kamishna ikakatika.

"Daktari," alisema, na mara hii hakutafuna neno, "wewe umepaka nywele takauti, ikapenya ngozini. Na Haji Buazza alipaka ndevu."