Mlaji wa Shomari

Anayepunguzwa tumbo lazima aandikishe mlaji, mtu wa kula kwa niaba yake. Kila anachoonja mlaji, mgonjwa hukisikia mdomoni mwake. Ndiyo sheria.

Wiki mbili kabla ya upasuaji nilimpikia mume wangu Shomari supu nyepesi tupu, nikisubiri aandike jina langu. Akaandika la Mwanahawa, mtalaka wake.

"Wewe unakula mbiombio, mke wangu," aliniambia. "Hawa anatafuna."

Sasa amepungua, na kanzu zake zote nimezibana mwenyewe. Nikimtengea uji anakunywa vijiko vitatu, ametosheka. Halafu ikifika saa saba mchana anafumba macho na kuguna kwa raha, nami nipo palepale na mwiko wangu.

"Leo ana samaki wa kukaanga," ananiambia, kama vile nimemuuliza.

Juzi uvumilivu ulinishinda. Nilipika kuku wa kupaka kama ninavyojua mimi, tui zito, moto wa makaa, nikambebea Mwanahawa mpaka kwake. Alinawa, akala taratibu mpaka akaramba vidole, nami nimesimama mlangoni nayatazama mataya yake.

Nilirudi nyumbani mbio, sufuria tupu mkononi. Shomari alikuwa amekaa kibarazani, machozi yanamlengalenga.

"Hawa leo kapika," alisema. "Hata nilipokuwa naye hakuwahi kupika hivi."

Akameza mate.

"Nilimwacha bure yule."