Nyegere Aziba Mianya ya Reli

Sogeeni, na asiyeniamini akaiulize reli yenyewe.

Nyegere alikuwa fundi wa reli, majivuno yake yanajaza mabehewa mia. Alimposa binti wa Mama Nungunungu, na siku hiyo mama mkwe alikuwa njiani, anakuja kwa treni kumpima kama anafaa. Lakini kila reli mbili zilipokutana paliachwa mwanya wa kidole, gurudumu likipita linalia ta-ta, ta-ta, na chai inamwagika.

"Mkwe wangu atikiswe kama choroko kwenye ungo? Thubutu!" Alfajiri, reli ikiwa ya baridi, akaziba kila mwanya kwa chuma.

Kenge, anayeota jua juu ya reli kila siku, akasema, "Fundi, hiki chuma mchana kinanenepa. Kitanenepea wapi?"

"Kazi yako kulala. Lala!"

Saa sita jua likawaka mpaka mawe yakatoka jasho. Treni ikaja laini, kimya, Nyegere meno nje. Ghafla reli ikajinyonga, ikapinda kama chatu aliyekanyagwa! Breki zikapiga yowe, treni ikasimama puani pa chatu.

Mama Nungunungu akashuka, miiba yote wima, kanga imelowa chai.

"Shikamoo, mama," Nyegere akanong'ona.

"Chuma tu umekinyima pa kunenepea! Mwanangu akishika mimba, si utamziba na yeye?"

Akarudi kwao kwa miguu. Mianya ikarudishwa, na mkisikia ta-ta, ta-ta, jueni Nyegere bado hajaoa.