Kokwa kwenye Buli Jeupe

Mwatime alisimama jikoni kwake Herndon, Virginia, na kokwa ya tende mdomoni, mbele yake mabuli mawili ya chai yasiyo na chai. Sebuleni wenziwe walikuwa wakimsubiri. Aliitema kokwa kiganjani, akaisuuza bombani, akasema bismillahi. Mkono ukaenda kwenye buli la kijani. Ukarudi.

Buli la kijani lilikuwa la Safa, mwanawe. Buli jeupe lilikuwa la Mzee Badawi.

Ndivyo klabu ilivyokubaliana kumchagua kocha mkuu mpya. Mwaka jana walipiga kura kwa karatasi, kila mtu akatambua mwandiko wa mwenziwe, wakanuniana mpaka Ramadhani. Safari hii kila mwanachama alipewa tende moja. Uile, uingie jikoni peke yako, utie kokwa kwenye buli la unayemtaka, ufunike. Kokwa haina mwandiko.

Mpira wenyewe ni wa Kiaustralia, ule wenye umbo la yai, unaopigwa teke na kupigwa ngumi. Mzee Badawi ndiye aliyeuleta Virginia, baada ya miaka mingi ya kazi bandarini Melbourne, na hawa wote aliwafundisha yeye. Lakini macho yamekwisha. Msimu uliopita kocha aliugua, wakamshikisha Mzee timu siku moja. Wakati wa mapumziko aliwakusanya wachezaji akawafokea, akawapanga upya, nao wakamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Walikuwa wachezaji wa timu pinzani.

Hakuna aliyemtaka. Hata yeye hakuomba. Ni Jelani, mwenyekiti, mzaliwa wa Washington aliyejifunza Kiswahili chuoni na kuzishika adabu zake kuliko waliozaliwa nazo, ndiye aliyesimama akasema, "Si vyema kijana apite na mzee yupo. Napendekeza pia jina la Mzee wetu."

Mzee Badawi aliipapasa fimbo yake. "Mkinitaka, nitawakatalia vipi?"

Kwa Safa jambo lilikuwa zito zaidi. Kazi ya Denver ilikuwa mkononi, wanangoja jibu. "Wakinipa timu nabaki, Mama," alisema asubuhi ile akifunga kamba za viatu. "Wasiponipa naenda. Hapa sina kingine cha kunishika."

 Mwatime mwenyewe haendi kokote. Wazir, mumewe, amezikwa hapa hapa, na kila Ijumaa humwendea.

Sasa alisimama na kokwa yake ikimlowesha kiganja. Wote wanamtaka Safa, wamelisema wazi uwanjani. Basi buli jeupe litabaki tupu. Mzee mzima afunuliwe buli tupu mbele ya watoto aliowafundisha hata kudaka? Mungu hapendi. Kokwa moja haitamdhuru Safa.

Ting. Buli jeupe.

"Mama Safa, kumbe ulikuwa unaswali humo ndani?" Aketch, mwanachama mwenziwe, alimtania alipotoka. Wakacheka.

Alikaa karibu na mlango wa jikoni, akashika tasbihi. Hakuiweza. Vidole viliruka shanga, akaanza upya, vikaruka tena. Mmoja aliingia. Ting. Mwingine. Ting.  Safa aliingia akatoka upesi, akakaa chini karibu na miguu ya mama yake.

"Umejipigia kura?" Mwatime alimnong'oneza.

"Mama! Si umenilea wewe?"

Wa mwisho alikuwa Mzee Badawi.

"Mzee, tende hujaila," Aketch alisema.

"Na sukari hii? Daktari kanikataza hata kuinusa."

"Basi lete nikulie."

"Wewe umekula yako ukalamba na vidole. Kaa kitako." Akaitia tende mfukoni mwa shati, akaingia jikoni na fimbo yake.

Mwatime alitega sikio. Kimya. Kifuniko kilisikika, mlio wa kokwa haukusikika. Fimbo ikarudi, taratibu. Maskini, kasahau alichoendea, akawaza. Heri nilimtilia ile yangu.

Kisha akageuka kumtazama Safa. Je, Safa akikosa kwa kokwa moja? Kwa ile moja ya mama yake mzazi? Aliinuka nusu, arudi jikoni hata kwa kisingizio cha maji ya kunywa, lakini Jelani alikuwa tayari anakuja na mabuli mawili juu ya sinia.

"Ya Rabi," Mwatime alisema, akakaa. Safa aliuegemeza mgongo kwenye magoti yake, na Mwatime akamwekea mkono begani.

"Kwa heshima ya umri," Jelani alisema, akaligeuza buli jeupe.

Kokwa zikamwagika kwenye sinia. Jelani alidhani zimekwisha, akalitikisa, zikamwagika nyingine.

Hakuna aliyepiga makofi. Kila mtu alizitazama kokwa, kisha akamtazama mwenziwe.

"Mimi niliona haya tu," Aketch alisema kwa sauti ndogo. "Asije akakosa hata moja."

"Na mimi," Jelani alisema.

Wengine waliinamisha vichwa. Safa aliuficha uso wake kwenye khanga ya mama yake.

"Ehe?" Mzee Badawi aliuliza, akikaza macho yasiyoona hadi kwenye sinia. "Mbona kimya? Mtoto kashinda?"

 Jelani aliligeuza buli la kijani. Hakikutoka kitu. Akalitikisa, akaligonga kitakoni kwa kiganja, na kitu kikadondoka kwenye sinia bila mlio: tende moja, nzima, haijaumwa.