Shimo Aliloliacha Muhanga

Nyika moja ilikuwa na wachimba mashimo wawili, Muhanga mwenye nguvu na Nungunungu mwenye kijicho. Kila mmoja alitaka kuitwa mchimbaji mkuu. Muhanga akichimba shimo la milango miwili, Nungunungu huchimba la mitatu, na hapo Muhanga huliacha lake akaanza jingine kubwa zaidi.

Mama Ngiri hakuwa na makao, na Chui alikwisha kumla mtoto wake mmoja. Akawaingiza waliobaki katika shimo lililoachwa, naye akaingia kinyumenyume, meno yake marefu yakielekea mlangoni.

“Ahsante, kaka Muhanga!” alisema kila walipokutana.

“Dada, unashukuru makombo?” Muhanga alicheka. “Hilo limepitwa na wakati. Ngoja uone la sasa!”

Siku moja wachimbaji hao walikuwa wakigombana kando ya shimo jipya ambalo hata nusu halijafika, Chui akatokea. Wakatimua mbio.

“Huku, kaka zangu!” Ngiri aliita. “Piteni upesi!”

Wakajitoma ndani. Ngiri akafuata mwisho, kinyumenyume kama kawaida yake. Chui akachungulia, akakutana na yale meno, akaenda zake.

Gizani Muhanga alipapasa kuta huku akihema. “Hili ndilo shimo,” alisema. “Imara, tena lina nafasi. Nungunungu, ni lako?”

“Si langu. Ningekuwa nalo hili, ningechimba jingine la nini?”

“Ni lako, kaka Muhanga,” Ngiri alisema. “Ndilo ninalokushukuru kila siku.”