Kibuyu cha Mafuta ya Mifupa

Zamani, fisi walipokuwa bado wanapika, Fisi mmoja mwenye majivuno alipata mifupa ya nyati akailalia asiiguse mtu. Jirani yake Nungunungu akapita, meno yakimwasha kwa hamu ya kuguguna.

"Naomba mmoja tu, jirani."

"Hata kipande hupati!"

"Haya. Lakini mifupa yenyewe haina mafuta ya kujaza hata kibuyu changu hiki."

Fisi akaruka. "Mimi nishindwe na kibuyu? Kilete hapa, tupime!"

Akaivunjavunja mifupa, akateka maji, akachochea moto, akaengua mafuta, akayatia kibuyuni mpaka yakafika shingoni.

Nungunungu akachungulia, akaguna. "Si haba. Ila mengine umeyaacha ndani."

Fisi akachemsha tena kwa hasira, jasho likimtoka, akaengua hadi tone la mwisho. Kibuyu kikafurika.

"Tazama! Naapa kwa tumbo langu, mifupa hii haina faida tena kwa mnyama yeyote!"

"Kwa hiyo unaitupa?"

"Itupwe!" Akayagugumia mafuta yote, akajinyoosha kivulini, midomo iking'aa.

Nungunungu akaikusanya mifupa taratibu. Ilikuwa safi, mikavu, haitelezi menoni, kama alivyoipenda siku zote. Akaketi papo hapo, akaanza kuguguna.

Fisi akafumbua jicho moja. "Asante kwa kunipimia, jirani."

"Asante na wewe," akajibu Nungunungu, mdomo umejaa, "kwa kunipikia."