Amri ya Bwana Asiyeapa

Mama Kondoo alikuwa akimenya vitunguu Mbweha alipofika na barua. Mbwamwitu amerithi utawala wa bonde kutoka kwa babake, na ameamuru kila nyumba itoe mtoto mmoja akamlinde ngomeni.

"Mwana-kondoo amlinde Mbwamwitu dhidi ya nani?"

"Mimi nimeleta barua tu, mama."

"Basi tumetii." Akaiweka barua kichwani kwa heshima, akaitundika ukutani, akarudia vitunguu vyake.

Siku tatu zikapita na mtoto hakwenda. Mbwamwitu akaja mwenyewe, majirani wakimfuata nyuma.

"Ulisema umetii. Mtoto yuko wapi?"

"Barua yako ile pale, bwana, hata moshi haujaigusa. Huku kwetu amri ya bwana ambaye hajaapa tunaiheshimu. Hatuitekelezi."

"Na nisipoapa?"

"Tutamwomba Dubu wa ng'ambo atutawale. Babako alilijua hilo, ndiyo maana aliapa."

Mbwamwitu akawatazama majirani. Hakuna aliyeinamisha macho. Aliutaka utawala kuliko alivyowataka walinzi, basi akavua kofia.

"Haya, nisomee kiapo."

"Ni kile kile cha babako. Sema: Sitamtoa mtoto nyumbani bila ridhaa ya mama yake."

Mbwamwitu akakisema chote.

"Sasa wewe ni bwana wetu," alisema Mama Kondoo, "na amri zako tutazitekeleza. Ile ya kwanza umeifuta mwenyewe."

Jioni alipakua mchuzi wa vitunguu, akahesabu vichwa mezani. Wanawe walikuwepo wote watano.